Mstari wa Mwisho wa Nyumba ya Kwanza

Nilimwonea Debra wivu tangu siku aliyofungua mlango wake mbele ya mlango wangu, na sitaki mtu anisaidie kuutafutia jina lingine. Watu wa kanisani wangesema nilikuwa na mzigo moyoni. Sikuwa na mzigo wowote. Nilikuwa na wivu, ule wa kumfanya mtu mzima ahesabu viatu vya wateja kizingitini kwa mwenzake.

Kibanda changu kiko kwenye ujia wa nyuma wa soko la Kibuye, pale mitumba inapokwisha na mafundi wa redio wanapoanzia. Nina kompyuta moja kuukuu, printa mbili, na miaka kumi na minne ya kupanga programu za mazishi. Ukifiwa Kisumu, ukishamalizana na mochari na fundi wa jeneza, kinachofuata ni kile kijitabu: picha ya marehemu kwenye jalada, ratiba ya ibada, wasifu, wake, watoto, wajukuu, shukrani. Mtu hazikwi hivi hivi bila programu. Mimi Nekoye ni Mbukusu wa Bungoma, lakini kwa kibodi nimewazika Wajaluo wengi kuliko padri yeyote. Sokoni wananiita Mama Programu.

Debra alikuja mwezi wa kwanza. Msichana wa miaka ishirini na sita, kwao Mbita, amesomea mambo ya usanifu Nairobi. Laptopu yake ilikuwa nyembamba kama sahani, na ndani alikuwa na fonti mia tatu na kitu. Nilijua idadi kwa sababu alikuwa akiwaambia wateja kwa sauti. Fonti za kulala, fonti za kusimama, fonti zenye mikia, fonti zinazofanana na mwandiko wa bibi harusi. Mteja akiingia kwake, alionyeshwa jina la marehemu wake likiwa limeandikwa kwa namna kumi na mbili, na kila mara alitoa machozi kidogo. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mimi nina fonti moja, Arial. Nyeusi, wima, haina madoido. Mteja mmoja, mama wa watu niliyemzikia mume na shemeji, aliishika kazi yangu akaitazama kisha akaniambia, "Mama Programu, hii yako inakaa barua ya chifu." Aliiweka mezani akavuka ujia. Nilimtazama hadi alipovua viatu mlangoni kwa Debra, maana Debra alikuwa ameweka zulia.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini ninashikilia fonti moja. Ngoja niseme, kwa sababu hadithi yote imesimama hapo.

Programu ya mazishi haikai mahali pamoja. Naiandika hapa Kibuye. Mwana wa marehemu anaifungua kwenye simu Nairobi, anarekebisha cheo chake. Shangazi aliye Kisian anaifungua saiba, kwenye kompyuta za kukodi, anaongeza shemeji aliyesahaulika. Mwisho inafika ofisi ya parokia kijijini, huko ndiko inakochapishwa, kwa sababu majina hayaachi kubadilika mpaka jeneza liko mlangoni. Kwa hivyo huwezi kuituma ikiwa imefungwa, ile ya kusomwa tu isiyoguswa. Unaituma wazi. Na ikiwa wazi, herufi hazisafiri nayo. Faili hubeba jina la fonti peke yake, kama mtu aliyebeba jina la fundi wake wa nguo. Ikifika kwenye kompyuta isiyomjua fundi huyo, inashonewa na yeyote aliyepo, na nguo inapwaya au inabana.

Nililijua hilo kwa kuchomeka. Mwaka wangu wa pili kazini nilimpangia marehemu mmoja, mwalimu wa Kisian, programu kwa fonti ya mapambo niliyoitoa kwenye mtandao. Ilipofunguliwa kijijini kwao, jina lake lote liligeuka vijisanduku vitupu. Walimzika mwalimu aliyefundisha watu kuandika, na jina lake halikusomeka. Baada ya hapo nilizunguka na flashi mfukoni miezi mitatu, nikijaribu fonti kwenye kila kompyuta iliyokubali kufunguliwa: saiba, ofisi ya chifu, shuleni, parokia tano. Arial ndiyo iliyosimama kote. Hata zile kompyuta za parokia zenye mfumo wa bure, ambazo hazina Arial yenyewe, zina ndugu yake aliyekatwa kwa kipimo kile kile, herufi kwa herufi, na mstari hausogei hata kidogo. Niliandika matokeo kwenye karatasi nikaibandika ukutani. Bado ipo. Hakuna mteja aliyewahi kuisoma.

Sasa Mama Seline.

Mama Seline alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, Kibuye tangu sijaja mjini. Ndiye aliyeniletea mteja wangu wa kwanza, akimvuta mkono kama anayempeleka hospitali. Kila siku saa saba mchana alikuja kukaa kwenye stuli yangu, akaweka miguu juu ya katoni ya karatasi, tukala. Alikuwa mke wa kwanza wa Mzee Joram wa Luanda Kotieno, mikayi, mwenye nyumba inayotazamana na lango la boma. Alizaa watoto wanne, akazika watatu. Aliyebaki ni Walter, mhandisi wa maji. Mke mwenzake, Mama Beldina, ana saba, wote wazima. Mama Seline alizoea kusema, "Mimi niko na mmoja, lakini ni wangu." Alisema hivyo bila kuulizwa, na mara nyingi, kwa hiyo nilijua pale ndipo panapouma.

Alipoanza kuugua mtoto wa jicho, mimi ndiye niliyemsomea ujumbe wa simu, risiti, barua za chama. Aliniita nyathina, mtoto wangu. Mama yangu mwenyewe alikufa nikiwa darasa la nne. Nadhani sina haja ya kueleza zaidi.

Mwezi wa nne Mzee Joram alifariki. Nililia kwa ajili ya Mama Seline, kisha nikafungua printa nikazisafisha. Nilinunua wino mpya. Nilitafuta kwenye kompyuta picha ya mzee niliyoipiga mwenyewe alipokuja sokoni na koti lake la kijivu. Hakuna aliyeniambia niifanye kazi ile, lakini nani mwingine angeifanya? Siku ya tatu niliwaona wakija, Mama Seline na Walter, amemshika mama yake kiwiko. Nilisimama. Nilifuta stuli.

Wakapita. Mama Seline aligeuza uso upande wangu, akasema, "Nyathina, tutaongea," kisha Walter akamsaidia kuvua viatu, wakaingia kwa Debra.

Walikaa saa nzima. Nilisikia Debra akionyesha fonti zake, na nikasikia Mama Seline, ambaye hawezi kutofautisha herufi na nzi, akisema, "Iko mzuri, iko mzuri sana." Sijawahi kuchukia neno "mzuri" kama siku ile. Fundi wa redio wa jirani aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia ashughulike na redio zake.

Jumanne iliyofuata, Debra alivuka ujia mwenyewe na laptopu yake mikononi.

"Anti," akasema, "naomba uniangalilie hii kabla sijatuma. Wewe umefanya hii kazi kitambo."

"Wewe si ndio uko na fonti mia tatu?"

Alicheka, lakini hakuondoka. "Fonti niko nayo. Mambo ya boma ndio naogopa. Nikikosea jina ya mtu kwa kilio, hiyo ni kesi ya maisha yote."

Aliiweka mezani kwangu. Na kazi ile ilikuwa nzuri. Ningependa kusema ilikuwa takataka. Mzee Joram alikuwa ametulia kwenye jalada kana kwamba anasubiri chai, na chini yake jina lake lilipita kwa fonti ya mwandiko, nyembamba, iliyolala kidogo, ambayo Debra aliiita Serafina. Alikuwa ameinunua kwa ajili ya programu ile tu. Aliandika kijitabu kizima kwa hiyo Serafina.

Nilifika ukurasa wa nne, ukurasa wa nyumba. Hapo nikaona.

Alikuwa ameyaweka majina ya wake wawili juu, kila moja kwenye kisanduku chake: kushoto Nyumba ya Kwanza, Mama Seline, kulia Nyumba ya Pili, Mama Beldina. Visanduku vile vilikuwa vimepigiliwa pale pale. Lakini watoto chini yake hakuwapigilia. Aliwaacha watiririke kama habari za gazeti, safu ya kushoto ikijaa, kinachobaki kinahamia juu ya safu ya kulia. Kwa Mama Seline kulikuwa na mistari minne kuhusu ndoa yake ya mwaka sabini na moja, kisha watoto watatu waliotangulia mbele za haki, kisha Walter. Walter alikuwa ndiye wa mwisho wa safu. Chini yake palibaki nafasi ya mstari mmoja tu.

"Unatuma wapi?" nikauliza.

"Parokia ya huko kwao, Luanda Kotieno. Okello wa ofisi ndio ataprinti. Unajua majina bado zinaongezwa."

Kompyuta ya Okello naijua kama jiko langu. Ni mojawapo ya zile tano nilizozijaribu, yenye mfumo wa bure, yenye fonti zisizofika kumi na tano. Haikuwa na Serafina na haitakuwa nayo mpaka Yesu arudi. Ingechukua fonti nyingine yoyote, pana zaidi, kwa sababu Serafina ilikuwa nyembamba kuliko zote. Ile mistari minne ya ndoa ingekuwa sita. Na Walter angesukumwa, angetoka mwisho wa nyumba ya mama yake, angepanda juu ya safu ya pili, chini ya jina la Mama Beldina, awe kifungua mimba wake.

Dawa ilikuwa sentensi moja. Weka Arial ya saizi ndogo, ama wachoree jedwali kila mtoto akae kwenye chumba chake. Dakika kumi.

Debra alikuwa ameinama kando yangu. Alinukia mafuta mazuri. Kucha zake zilikuwa na rangi ya maziwa. Nilifikiria zile saa za mchana, stuli yangu tupu, na lile zulia.

"Iko sawa," nikasema. "Tuma."

"Kweli, anti?"

"Nimekwambia tuma."

Alinishukuru. Alinishika bega, akavuka ujia, na baada ya muda nikasikia simu yake ikilia ile sauti ya kitu kilichokwenda.

Nitakuwa nasema uongo nikisema sikujua ni Walter atakayeanguka. Nilijua. Nilijiambia Okello ataona. Nilijiambia Walter mwenyewe ataikagua. Jumatano nilimtafuta Okello kwenye simu, nikaliona jina lake, nikaweka simu chini nikachemsha chai. Nilichotaka ni kitu kidogo tu, yaani watu waifungue programu pale matangani, wagune, kisha mmoja aseme, "Hii kazi wangempa Mama Programu." Sentensi hiyo niliisikia kichwani hata nikiwa kanisani. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kumpeleka mtoto wa watu nyumba ya pili.

Ijumaa tulisafiri, wanawake wa sokoni, kwa gari la kukodi, na tukalala nyumbani kwa marehemu kwenye mikeka. Jumamosi saa mbili asubuhi boma lilikuwa limejaa. Mahema yalikuwa yamesimama, masufuria yako mekoni, na feri ya Mbita ilipiga honi yake kule ufukweni kana kwamba haijui kuna msiba. Debra alikuwa amevaa blauzi nyeupe, anawafunga watu vitambaa vya rangi ya familia mkononi. Okello alileta katoni ya programu kwa pikipiki, akaiweka kwenye baraza ya nyumba ya kwanza, akarudi ofisini mbio kutafuta spika.

Mama Seline alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba yake, kwenye kiti cha mbao, amejifunga kitambaa cheusi. Alinitambua kwa mwendo.

"Nyathina. Keti hapa."

Nilikaa chini kwenye ngazi.

"Najua ulinuna," akasema. "Umenuna tangu ile siku mimi na Walter tulienda kwa Debra. Nilisema tutaongea, na hizi siku za kilio mtu hapati nafasi. Sasa sikia. Mtoto hafanyi kazi ya kukodiwa kwa kilio ya baba yake. Huku kwetu hiyo hapana. Mgeni ndio hukodiwa. Wewe nilitaka ukuje ukae na mimi, ulie kama wengine."

 Alipapasa kwenye katoni akatoa kijitabu kimoja, akanipa kikiwa juu chini.

"Juzi nilipigia Okello simu. Nikamwambia, baada ya Walter, weka Nekoye. Walter amekubali. Beldina pia nimemwambia, amekubali. Nisomee nyumba yangu. Macho yangu haioni, lakini nataka kusikia."

Nilifungua ukurasa wa nne.

Fonti ilikuwa pana, nene, mbaya. Visanduku viwili vilikuwa pale pale vilipopigiliwa. Kushoto, chini ya Mama Seline, mistari ya ndoa ilikuwa imefura ikawa sita, kisha wakafuata wale watoto watatu, kila mmoja na mwaka aliozikwa. Hapo safu ikaisha. Chini ya Mama Seline walikuwa wamebaki wafu watupu. Juu ya safu ya kulia, chini ya Mama Beldina, mtoto wa kwanza aliandikwa Walter. Wa pili aliandikwa Nekoye, Kisumu. Okello alikuwa amefanya alivyoagizwa. Alimtafuta Walter alipo, akaniweka nyuma yake.

"Soma," akasema Mama Seline.

Ningeweza kumsomea kama ilivyopaswa kuwa. Asingejua, mpaka mwendesha ibada aishike programu ile mbele ya boma zima aite watoto nyumba kwa nyumba. Kwa sekunde chache nilifikiria hata hilo, na ndipo nilipojiogopa.

"Mama, Walter hayuko hapa."

"Hayuko wapi?"

"Hayuko kwa nyumba yako. Amevuka kwa Mama Beldina. Na mimi pia. Kwako wamebaki wale watatu."

 Mkono wake ulishuka ukashika ukingo wa kiti. Debra alikuwa amesikia kutoka barazani, akaja, akachukua kijitabu mkononi mwangu. Nilimwona uso ukimshuka.

"Sivyo nilituma," akasema. "Mama, haki ya Mungu sivyo nilituma. Ilikuwa sawa. Anti aliangalia. Anti, si uliangalia?"

"Niliangalia."

"Na ikakuwa sawa?"

"Kwa laptopu yako ilikuwa sawa. Nilijua kwa Okello itaanguka. Hiyo fonti yako haiko kwa kompyuta yake. Niliona Walter yuko pembeni, nikajua atasukumwa, nikakwambia tuma."

Debra alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipowahi kuniona.

"Lakini nilikuuliza," akasema.

Mama Seline aliuliza swali moja tu. "Sababu gani?"

"Wivu, Mama."

Nilifikiri atanifukuza. Nilikuwa nimeanza hata kujikusanya. Lakini alikaa akitazama mbele na yale macho yake yenye ukungu, upande wa nyumba ya pili ambako Mama Beldina alikuwa akiwapangia wajukuu wake soksi.

"Wivu mimi naijua," akasema polepole. "Nimekaa nayo boma moja miaka arobaini. Nimeamka nayo, nimepika nayo. Huyo Beldina akijifungua, mimi ndio nilikuwa napeleka uji, na natoka huko nikilia. Lakini, nyathina, sijawahi toa mtoto ya mtu kwa nyumba yake."

Aliniita nyathina hata hapo. Afadhali angenitukana.

Kisha akasema, "Ibada ni saa nne. Rudisha Walter."

Tulikwenda ofisi ya parokia kwa miguu, mimi mbele, Debra nyuma. Okello alituona tulivyo, akatoka kwenye kiti bila kuuliza mengi. "Mimi nilidhani ndio vile mnataka," akasema. "Sijui nyumba za watu." Nilikaa. Nilifungua faili, nikashika maandishi yote kwa pamoja, nikaiondoa ile fonti nene, nikaweka yangu kwa saizi ndogo kidogo. Ukurasa ulitulia. Mistari ya ndoa ilirudi minne, Walter akashuka kutoka safu ya kulia, akarudi chini ya mama yake. Mimi nilirudi nyuma yake, mstari wa mwisho kabisa, nikatosha pale bila kubaki hata nafasi ya nukta. Ndipo nilipochora jedwali, nikamtia kila mmoja kwenye chumba chake ili asihame tena hata nani akifungua.

Debra alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Imeingia," akasema kwa sauti ndogo. Alisema hivyo kwa sababu ni fundi, na fundi akiona kazi imekaa hujisahau.

"Nichapishe?" akauliza Okello. "Karatasi ya katikati peke yake, tutawabadilishia."

Nilitazama mstari ule. Nekoye, Kisumu. Arial, nyeusi, wima, kama barua ya chifu. Nilikuwa nimeandika majina ya watoto wa watu miaka kumi na minne, na hakuna nyumba iliyowahi kuniandika mimi. Mama Seline hakuwa amesema nitoke. Hakuwa amesema nibaki pia. Alikuwa amesema rudisha Walter.

"Ngoja," nikasema.

Niliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, nikashikilia. Jina langu liliondoka herufi moja moja, kutoka nyuma. Debra alinyoosha mkono kidogo, kisha akaurudisha. Nilipomaliza nilitazama ukurasa kuona kama kuna kitu kimesogea. Walter alikuwa amekaa palepale. Hakuna mstari hata mmoja uliotikisika.

"Sasa chapisha," nikamwambia Okello.